Klipu Iliyomezwa Namungo

Walisikia kilio kabla hawajafika. Abdalah aliizima pikipiki mahali ambapo tope lilikuwa limeikata njia. Yeye na Gabrieli wakashuka, wakasikiliza. Upande wa mashimo ya Namungo wanawake walikuwa wanalia kwa sauti ndefu, ile inayotangulia taarifa.

"Msiba," alisema Abdalah.

Gabrieli alifungua zipu ya koti, akaligusa boksi la pistoni mpya alilokuwa amelikumbatia tangu Nachingwea mjini. Akafanya ishara ya msalaba, kisha akaanza kukimbia kwenye tope.

Alikuwa fundi wa injini za dizeli. Jana yake aliifungua injini ya kuvuta maji kwenye shimo la Kornel akakuta pistoni imepasuka, na kabla ya kuondoka kwenda kununua nyingine alisema mbele ya watu, "Bosi, mtu asishuke mpaka nirudi. Maji ya lile shimo la zamani yako nyuma ya ukuta huu." Kornel aliitikia. Kornel alikuwa mgeni wilayani Ruangwa, mtu mwenye mabega mapana na mkono mwepesi, aliyekuja kutoka machimbo ya Kanda ya Ziwa pamoja na mdogo wake Linus. Vibarua wake walikuwa wamejifunza kwamba akikataa amekataa, lakini akikubali bado hajakubali. Asubuhi, fundi akiwa dukani, aliwashusha Linus, Bakary na Eusebio wakamalizie mawe yaliyokuwa yameanza kuonyesha rangi ya dhahabu.

Ukuta ukapasuka.

Watatu hao walikuwa hai bado. Walipanda kwenye chumba cha pembeni ambacho sakafu yake ilikuwa juu kidogo, lakini mlango wa chumba hicho ulikuwa chini, na mlango ulikuwa umeshazama. Bomba la hewa lilipita humo. Walikuwa wanaligonga kwa jiwe, na mtu akiweka sikio juu, aliwasikia. Maji yalikuwa yanapanda. Pampu nyingine iliyoagizwa kutoka mjini ilikuwa imekwama na gari lake mtoni.

Kornel alimpokea Gabrieli kwa kibao. Kilimpata sikioni, akaona giza, akapiga goti moja kwenye matope akiwa bado amelikumbatia boksi.

"Umelala huko?"

"Bosi, nilisema watu wasi..."

Kibao cha pili. "Funga injini! Linus akifa humu, na wewe utazikwa humu humu. Umesikia?"

Walinzi wake wawili walisimama nyuma yake na marungu. Gabrieli alisikia. Alitema mate yenye damu, akatandika gunia kando ya injini, akafungua boksi. Moyoni alianza sala aliyoizoea kabla ya kazi yoyote, akafika katikati, akasahau yanayofuata. Akairudia tangu mwanzo huku mikono ikiwa imeshaanza kazi.

"Nahitaji maji yanayochemka," alisema.

Zena, mke wa Bakary, aliyekuwa anawapikia wachimbaji uji na ugali, alikwenda akaitoa sufuria jikoni pamoja na uji wake, akaumwaga uji chini, akachemsha maji. Hakuwa analia tena. Uso wake ulikuwa umekauka kama kitambaa kilichosahaulika juani. Gabrieli aliitumbukiza pistoni kwenye maji ya moto ili tundu lake litanuke kidogo, akaitoa kwa koleo, akaikutanisha na konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni kwenda na kurudi, akaipitisha pini inayoviunganisha. Pini iliteleza vizuri. Alimshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa zilibaki klipu. Ni viduara viwili vidogo vya waya wa springi, kimoja kila upande, vinavyokaa kwenye mfereji mwembamba ndani ya tundu la pistoni na kuizuia pini isitembee. Mtu asiyejua huona ni vitu vya kuchezea. Lakini pini ikitoka nje injini ikiwa inafanya kazi, inauchimba ukuta wa silinda, na mwisho wake chuma kinakwenda kinakotaka. Gabrieli aliibana klipu ya kwanza kwa plaizi, akafunika kwa kitambaa isimruke, akaisukuma. Ilikaa kwa mlio mkali: tik. Aliizungusha kwa ncha ya bisibisi kuhakikisha imezama mferejini. Imezama.

Wakati huo Abdalah alikuwa ameshaanza kazi yake mwenyewe.

Abdalah alikuwa mtoto wa mjomba wake Gabrieli, na huko kwao mtoto wa mjomba ni mtani. Tena alikuwa mtani wa nusu ya watu waliokuwa pale, huyu kwa kabila, yule kwa ukoo. Penye kilio mtani haruhusiwi kulia. Kazi yake ni ufidhuli. Atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, atalala kaburini wachimba kaburi wakipumzika, ataficha jembe mpaka wenye msiba wamkomboe, na hakuna anayekasirika, kwa sababu bila yeye huzuni ingewaua walio hai. Watu wale walikuwa wanagonga bomba, hawajafa. Lakini kilio kilikuwa kimeshalia, na kikishalia, mtani ameshaitwa.

"Zena," alisema, "unamlilia Bakary huyu huyu anayekoroma mpaka majirani wanahama?"

"Toka hapa, Abdalah."

"Mwache akae huko chini. Mimi nitakuoa leo leo. Hata pikipiki ninayo. Yeye ana nini? Ana sururu."

"Na pua yako hiyo kama kishubaka?" Zena alijibu, na sauti ilimkatika katikati, akacheka kicheko kilichotoka na machozi. Wanawake wawili watatu nao wakacheka wakijifuta kwa khanga. Mmoja alisema, "Afadhali mtani amekuja."

Gabrieli alinyoosha mkono kwenye gunia kuchukua klipu ya pili. Haikuwepo.

"Unatafuta hii?" Abdalah alikuwa amechuchumaa mbele yake. Klipu ilikuwa kati ya meno yake, ikimeta. Alikuwa ameificha kama mtani anavyolificha jembe la kaburi.

"Abdalah. Si sasa."

"Nikomboe."

"Kuna watu chini!"

"Ndiyo maana nataka kidogo tu. Nipe shikamoo yangu. Sema, 'Shikamoo, binamu mkubwa.' Marahaba yangu iko tayari hapa mdomoni, imekaa na klipu yako."

Wanawake walicheka tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu Gabrieli alikuwa mkubwa kuliko Abdalah kwa miaka mingi, na mzito, na mtu wa kanisani, na kila mtu alijua asivyopenda mzaha. Ilikuwa neno moja tu. Gabrieli alikuwa na hasira, sikio lilikuwa bado linavuma, lakini hata hivyo aliona wepesi wa jambo lenyewe, akafungua mdomo alitoe neno hilo.

"Nani anacheka?"

Kornel alikuwa ametoka mdomoni mwa shimo, ambako alikuwa amelala kifudifudi akisikiliza bomba. Mkononi alikuwa na spana kubwa ya kufungulia mabomba. Alimwona Abdalah na klipu menoni.

"Bosi, ni utani," alisema Gabrieli haraka. "Huyu ni mtani..."

"Kwetu utani upo," alisema Kornel. "Lakini hatuufanyi juu ya mdogo wangu."

Akapiga.

Spana ilimkuta Abdalah kwenye taya. Mlio wake haukuwa mlio wa kitu laini. Abdalah alianguka chali, miguu ikapiga gunia, mkebe wa nati ukamwagika topeni. Alijigeuza, akakohoa, akashika koo kwa mikono miwili. Damu ilitoka na jino. Kornel aliinama, akaichota damu ile kwa vidole, akaichambua.

"Iko wapi?"

Abdalah alionyesha koo. Alijaribu kusema, taya likakataa. Akasema kwa tabu, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, "Nimemeza."

Wanawake walinyamaza. Katika ukimya ule bomba lilisikika likigongwa.

Walinzi walimshika Abdalah mikono na miguu. Kornel alimtia vidole kooni. Abdalah alitapika uji, chai na damu, wakayatafuta matapishi yote kwa kijiti, hawakuona kitu. Wakamnywesha maji ya chumvi kutoka jikoni kwa Zena, kichwa kimevutwa nyuma kwa nywele, akatapika tena. Hawakuona kitu. Mlinzi mmoja alimpiga teke la tumbo, kana kwamba tumbo ni gunia ambalo kilichomo kitamwagika kikitafutiwa tundu. Abdalah alijikunja. Akapigwa la pili mgongoni.

"Itatoka yenyewe kesho," alisema Zena kwa ukali. "Mwacheni! Kitu kimeshaenda tumboni, mnakitafuta kwa mateke?"

"Kesho Bakary wako atakuwa wapi?" Kornel alimuuliza.

Zena aligeuka kuliangalia shimo.

Kornel alikwenda kwenye kibanda akarudi na panga. Hakupiga kelele tena, na hilo ndilo lililowatisha walinzi wake wenyewe, maana walilegeza mikono. Alipiga goti moja kando ya Abdalah, akampandisha fulana mpaka kifuani.

"Mshikeni," alisema. "Kuku akimeza shanga anapasuliwa."

"Iko nyingine!"

Gabrieli alikuwa amesimama. Alisikia sauti yake mwenyewe kwa mbali, upande wa sikio lililobaki zima.

"Nyingine ipi? Ulisema boksi linakuja na mbili."

"Ya zamani. Niliitoa jana kwenye pistoni iliyopasuka. Ninayo."

"Inafaa?"

Klipu ya zamani haifai. Fundi yeyote anayejiheshimu akishaitoa anaitupa, kwa sababu waya wake umechoka na hauwezi tena kuukumbatia mfereji. Mwenzake ilikuwa imekatika wakati wa kutolewa. Hii ilibaki nzima, lakini imelegea kama pete ya mtu aliyekonda.

"Inafaa," alisema Gabrieli. Na hapo hapo akamwambia Mungu: Nimesema uongo. Ufanye kuwa kweli mpaka watoke, halafu unihukumu.

Kornel aliteremsha panga. Kisha aliamuru Abdalah afungwe kwenye nguzo ya roda, ile yenye gurudumu la kamba ya kuwapandishia watu. Walimfunga kwa kamba ya katani, mikono nyuma. Kichwa chake kiliinama, damu ikawa inatiririka kidevuni na kudondoka tumboni.

"Sikiliza, fundi," alisema Kornel. "Linus akitoka mzima, mchukue ndugu yako uende naye. Injini ikizima Linus akiwa bado chini, nampasua huyu mbele ya macho yako. Sitasubiri neno la pili."

Gabrieli alipiga magoti kwenye gunia. Aliishika klipu ya zamani kwa plaizi mbili, akaitanua taratibu, kidogo, akijua kwamba ikizidi itakatika. Akaipangusa. Akaigeuza ili uwazi wake ukae kwenye mstari wa mwendo wa pistoni, usikae ubavuni ikarushwa. Akaibana, akafunika kwa kitambaa, akasukuma kwa kidole gumba.

Iliingia kimya. Hakukuwa na tik.

Aliigusa kwa ncha ya bisibisi. Ilizunguka kirahisi mno. Kornel alikuwa amesimama juu yake, kivuli chake kimeifunika pistoni. "Tayari?"

"Tayari."

Aliipaka pistoni oili, akazibana ringi, akaisukuma ndani ya silinda. Alifunga konrodi kwenye krenki, akarudisha kichwa cha injini, akakaza nati kwa zamu, upande huu na upande ule, bila kuharakisha hata mlinzi alipomsukuma kwa rungu mgongoni. Alitoa hewa kwenye bomba la dizeli. Aliitia hendeli mahali pake, akaomba nguvu, akazungusha. Injini ilikohoa. Akazungusha tena kwa uzito wake wote, akaiachia dikomprisha, kile kiwiko cha kupunguza mgandamizo, moshi mweusi ukaruka, na injini ikaitika.

Maji yalitapika kwenye mpira, mekundu, mazito, yakaenda bondeni. Watu walipiga kelele. Wanawake wengine walimwita Mungu kwa jina hili, wengine kwa jina lile, na wote walikuwa wanasema kitu kimoja.

Gabrieli hakushangilia. Aliweka kiganja ubavuni mwa silinda. Mkono mwingine aliuweka kwenye moto, kile kishikio cha kuongeza na kupunguza mwendo, akaushikilia chini. Mwanzoni chuma kilipumua sawasawa. Baadaye, chini ya mlio wa kawaida, akaisikia: kwaruu, kwaruu, kama kucha kwenye bati. Klipu ilikuwa imetoka. Pini ilikuwa imeanza kutembea. Kila pistoni ilipokwenda na kurudi, pini ilikuwa inauchimba ukuta.

Aliendelea kuushikilia moto chini. Pole pole, aliiambia injini. Pole pole, mama.

"Ongeza!" Kornel alipiga kelele kutoka mdomoni mwa shimo.

"Haiwezi!"

"Nasema ongeza, maji yanashuka kidogo kidogo!"

"Yanashuka, bosi! Iache hivi hivi!"

Kornel alikuja, akampiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Gabrieli alijipinda, lakini mkono haukutoka kwenye moto. Akapigwa tena, begani. Alihisi joto la damu likishuka chini ya shati. Aliyafumba macho, akaanza Baba Yetu kwa sauti, na kila neno lilitoka pamoja na mkwaruzo wa pini. Aliposema "utusamehe makosa yetu" alipigwa mara nyingine, akaendelea.

Mayowe ya shimoni yalimwokoa. Maji yalikuwa yameufungua mlango wa chumba. Kamba ilivutwa kutoka chini, wachimbaji waliokuwa kwenye roda wakaikaza, wakapandisha. Alitoka Eusebio, mwekundu kwa matope, akatambaa akabusu ardhi. Kamba ikarudi. Akatoka Bakary. Zena alimrukia akampiga ngumi za kifuani, "Nilikukataza! Nilikukataza!", kisha akamfunika na khanga yake.

"Linus yuko wapi?" Kornel alimkamata Bakary shingoni, khanga na yote.

"Anakuja. Mguu umevunjika, bosi, jiwe lilimwangukia. Kamba ikimfikia atajifunga, lakini maji bado yamefika kifuani, hawezi kusimama. Wavute pole pole."

"Maji bado yapo?"

"Yanapungua..."

Kornel hakusikiliza. Aliirudia injini mbio. Gabrieli aliona kitakachotokea, akaukumbatia moto kwa mikono miwili. Kornel alimpiga teke la mbavu, akamtupa kando, akashika kishikio na kukisukuma mpaka mwisho.

Injini ililia. Maji yaliruka kwa nguvu, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba Kornel ndiye aliyekuwa sahihi. Kisha mlio ulibadilika, ukawa wa nyundo ndani ya pipa. Gabrieli alipiga kelele, "Lala chini!" Konrodi ilitoboa tumbo la injini ikatoka nje kama mfupa uliovunjika. Oili ya moto ilirushwa hewani. Kipande cha chuma kilipita karibu na kichwa cha mlinzi mmoja, naye akalitupa rungu akakimbilia kwenye mikorosho ya jirani.

Kukawa kimya. Mpira wa maji ulitoa tone, ukalegea.

Kornel alikuwa ameungua shingoni, hakujua. Aliiangalia injini. Kisha aliiangalia nguzo ya roda.

"Bosi, wewe ndiye uliyeongeza moto," alisema Gabrieli akiwa chini. "Wewe ndiye..."

Kornel alishaanza kutembea. Alitembea kama mtu anayekwenda kutimiza ahadi. Kamba ilikuwa imeshamfikia Linus; watu wa roda walikuwa wanavuta, kamba ikiwa nzito, migongo yao imeinama, na hawakuweza kuiachia, kwa sababu kuiachia ni kumwangusha Linus. Abdalah aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limefunga kwa uvimbe. Lingine liliona panga, naye akaanza kusoma shahada kwa taya lililovunjika, maneno yakitoka nusu nusu.

Gabrieli hakukumbuka baadaye jinsi alivyoinuka. Alijikuta mbele ya nguzo, mgongo umegusa kifua cha Abdalah, na panga limeshainuka. Hakuwa na hendeli wala spana. Alinyoosha mkono wa kulia akalidaka panga lenyewe, kwenye makali, likiwa linashuka.

Alihisi mguso wa mfupa kwanza, kisha maumivu. Hakuachia. Kornel alilivuta panga, nalo likapita ndani ya kiganja kama msumeno, na Gabrieli bado hakuachia, akaliongezea mkono wa kushoto kwenye mpini. Wakawa uso kwa uso. Kornel alimpiga kichwa puani. Gabrieli akamng'ata shavu. Alimng'ata yeye, msoma masomo ya Jumapili, akaonja chumvi ya damu ya mtu mwingine, akazidi kubana meno. Walianguka pamoja. Kidole gumba cha Gabrieli kilikuwa kinaning'inia kwa ngozi.

"Kaka!"

Linus alikuwa ametoka. Alikuwa amelala tumbo ukingoni mwa shimo, kamba bado kwapani, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Maji yalikuwa yanamtoka puani.

"Kaka, unamchinja nani?"

Kornel aligeuza uso. Mkono wake ukafunguka, na panga likabaki kwa Gabrieli.

Ilikuwa hapo jiwe la kwanza liliporushwa. Lilitoka kwa Zena. Lilimpata Kornel mgongoni, akaanguka kifudifudi. Eusebio, ambaye muda mfupi kabla alikuwa anabusu ardhi, aliiokota ardhi ile ile na kuirusha. Wakaja watu wa roda. Wakaja wachimbaji wa mashimo ya jirani, wengi wao hawakujua hata kosa ni nini. Walitumia mawe, marungu, mipini ya sururu. Kornel alifunika kichwa, kisha mikono ikavunjika ikaacha kufunika. Linus alitambaa kuelekea kwake akiburuta mguu, akilia, "Amenitoa! Huyu ndiye amenitoa!" na hakuna aliyemsikia. Alipofika alijilaza juu ya kichwa cha kaka yake, na mawe mawili yaliyokuwa hewani yakampata yeye.

Gabrieli alikuwa ameketi topeni, kiganja amekibana kwapani. Alijua neno la msamaha analotakiwa kulisema. Alilijua tangu utoto, amelisikia kila Ijumaa Kuu. Aliomba apewe nguvu ya kulisema, na nguvu ilichelewa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitu kilichotaka kuendelea kusikia mlio wa mawe yale. Alikaa na kitu hicho. Jiwe lingine. Jingine.

"Mwacheni," alisema.

Haikutosha. Akasimama, akapita katikati ya watu, damu ikimtoka kwenye ncha za vidole, akasimama juu ya wale ndugu wawili. Jiwe lilimgonga kwenye paja. "Mwacheni!" Aliunyanyua mkono uliokatika ili wauone. "Kama ni kisasi, ni changu mimi na Abdalah. Nani mwingine amekatwa hapa? Zena, mumeo yuko hai. Nenda ukamvishe nguo kavu."

Zena alikuwa na jiwe kubwa, amelibeba kwa mikono miwili juu ya kichwa. Alitazama watu wale watatu mbele yake, akatazama huku na huku, kama mtu aliyebeba mzigo na hakuna pa kuutua. Kisha aligeuka akalitupa kwenye injini. Lilipiga tangi la dizeli, likabonyea. Mtu mwingine akatupa la kwake hapo hapo. Wakaipiga injini ile iliyokwisha kufa mpaka feni ikapinda na bomba la moshi likakatika, na walipochoka walikaa chini wakihema, wengine wakilia.

Gari la pampu lilifika wakati huo, limechelewa, magurudumu yamejaa tope. Waliishusha pampu, wakawapakia majeruhi nyuma ya gari hilo hilo, maana hapakuwa na lingine. Kornel alilazwa katikati, uso hautambuliki, kifua kinapanda na kushuka kwa mlio. Linus aliketi miguuni pake, mguu umefungwa kwa vipande vya mti. Abdalah aliegemea bodi upande mmoja, taya limefungwa kwa khanga ya Zena mpaka juu ya kichwa. Gabrieli aliketi upande wa pili, mkono umeviringishwa fulana na kuinuliwa juu.

Gari liliondoka kuelekea hospitali mjini Ruangwa.

Walipopita mashamba ya ufuta Gabrieli alianza kusali kwa sauti ya chini. Aliwataja Bakary na Eusebio, akashukuru. Alimtaja Linus na mguu wake. Alimtaja Abdalah. Akafika kwenye jina lililofuata, akakwama. Alilijaribu tena, ulimi ukakataa kama taya la binamu yake.

Gari liliingia kwenye korongo la barabara. Kichwa cha Kornel kilinyanyuka kikagonga chuma cha sakafu. Likaingia kwenye lingine, kikagonga tena. Abdalah alikuwa anakitazama kwa jicho lake moja. Alisogea kwa tabu, akigumia kwa maumivu, akaunyoosha mguu wake na kuupitisha chini ya kichwa kile, kikalala juu ya paja lake. Kisha aliegemea bodi akafumba jicho.

Gabrieli alilitaja jina lile, akaendelea na sala.